Tumeshinda, Sisi Tuliokaa

Katika Kiswahili cha mashabiki, kitenzi cha kufunga kina nafsi moja tu, nayo ni sisi. Mchimbaji wa dhahabu aliyekaa kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda umiza pale Katoro, Geita, suruali bado ina tope la mwaloni, atasema "tumewafunga" kwa sauti ileile anayosemea "tumekula". Nje kuna ubao mweusi wenye ratiba ya chaki: saa 11:30 mechi hii, saa 2:00 usiku mechi ile, kiingilio shilingi 500. Ndani kuna runinga moja, watu themanini, na joto la kuivishia ndizi. Katika watu hao themanini hakuna aliyeugusa mpira ule. Ukimuuliza mmoja wao alifunga dakika ya ngapi atacheka, jirani zake watacheka pia, halafu ataendelea kusema tumewafunga. Kicheko hicho hakijajibu swali. Sentensi aliyoitamka ama ni kweli, ama ni uongo mdogo tuliozoeana nao, kama tulivyozoea kujibu "nzuri" kila tunapoulizwa habari. Wala swali hili si la sarufi peke yake. Dini zetu mbili kubwa zinafundisha kwamba mtu ataulizwa juu ya matendo yake. Kama kutazama si tendo, basi maelfu ya saa za maisha ya mtu huyu yatapita mbele ya Muumba bila kuwa na cha kuandikwa, kiwe chema au kibaya. Na kama ni tendo, ni tendo gani?

Usukuma ulikuwa na jibu lake kabla gozi halijafika. Karne ya 19, kama inavyosimuliwa, waganga wawili waliokuwa pia manju wa ngoma, Ngika na Gumha, walianzisha vyama viwili vya wachezaji. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo ngoma nyingi za Kisukuma zina upande wake katika mgawanyiko huo. Msimu wake huja baada ya mavuno, shamba linapopumzika. Vyama viwili huingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake, na katika utaratibu wa jadi hapakuwa na mzee wa kukaa mezani akigawa alama. Mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji aliyechoshwa na Bagika alivuka nyasi hatua thelathini akaenda kwa Bagalu, na hatua zake zile thelathini ndizo zilizokuwa bao. Mtu wa namna hiyo akisema "tumeshinda", hajasema uongo hata kidogo. Ushindi wenyewe umetengenezwa kwa miguu yake. Kanisa lilipoingia Usukuma halikuudharau ujuzi huu. Pale Bujora, Kisesa, Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma, na sherehe hiyo ikaitwa Bulabo, jina linalotokana na maua. Mwezi wa Juni maandamano ya Sakramenti yanafuatwa na Bagika na Bagalu wakigombea macho ya watu, na anayedhani mambo hayo mawili hayapatani hajawahi kufikiri vizuri maana ya neno kuabudu, ambalo nalo kwa sehemu kubwa ni kuelekeza macho.

Lakini utaratibu huo una ufa, na Wasukuma ndio waliokuwa wa kwanza kuujua. Ukishamfanya mtazamaji kuwa hakimu, anayeshindana hatafuti tena kucheza vizuri, anatafuta kutazamwa. Ndiyo maana vyama hivi vilishindana kwa dawa kabla ya kushindana kwa hatua. Dawa ya mvuto, ya kuwaleta watu na kuwafanya wasiondoke, ilihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi kama vile kuwamba ngoma. Ndiyo maana pia wapo wanaocheza na chatu shingoni na wapo wanaorusha majembe hewani wakayadaka. Siwalaumu, maana ni sanaa kubwa na ina ujasiri wake. Nasema tu kwamba chatu atavuta macho hata kama mwenye chatu hajui kucheza. Mpira wa miguu ulipoingia, pamoja na balaa zake zote, ulileta kipimo kisichomtegemea mtazamaji. Mpira ukivuka mstari ni bao, awepo mtu mmoja pale uwanja wa Kambarage, Shinyanga, au wawepo elfu kumi. Kwa mara ya kwanza mtazamaji alivuliwa joho la uhakimu. Hapo ndipo tatizo la yule mchimbaji wa Katoro linapoanzia, kwa kuwa aliyevuliwa uhakimu bado anasema "sisi" kama babu yake aliyevuka nyasi.

Zipo njia mbili rahisi za kulimaliza tatizo hili, na zote mbili naziona mbovu. Ya kwanza ni kusema kwamba mtazamaji bado anaamua matokeo, ila kwa siri. Imani hii ni kubwa kuliko tunavyokiri. Katika soka letu ushirikina huu una hata jina la heshima, kamati ya ufundi, na kila msimu zipo klabu zinazotozwa faini kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja au kukataa kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Kwa mtu wa kawaida inachukua sura ya upole zaidi: yule anayetoka nje timu yake inapopata penalti kwa sababu akitazama inakoswa. Katika ukanda wa dhahabu fikra hii haikuishia kwenye upole. Imani kwamba nguvu iliyofichwa ndiyo inayompa mmoja mwamba wenye mali na mwingine mawe matupu iliwafanya watu wawindwe, wenye ualbino wakauawa, vikongwe wenye macho mekundu wakakatwa mapanga, na Shinyanga na Geita zikatajwa duniani kwa aibu hiyo. Sisemi kwamba anayeipa mgongo penalti ni ndugu wa muuaji. Nasema kwamba wote wawili wamekataa jambo moja, nalo ni kwamba kinachotokea uwanjani, au chini ya ardhi, kina sababu zake zisizohitaji kafara.

Njia ya pili ni ya msomi: mtazamaji si kitu, ni mteja, amelipa 500 yake akaburudishwa, na "sisi" yake ni kama ya mtoto anayedhani ndiye anayeendesha gari kwa kuwa amekaa mapajani pa dereva. Dhidi ya hoja hii upo ushahidi ambao ugonjwa wa korona ulituletea bila kuombwa. Tarehe 16 Mei 2020 ligi ya Ujerumani ilirudi viwanjani bila mashabiki, na nyingine za Ulaya zikafuata. Watafiti waliopitia mechi hizo waliona faida ya timu ya nyumbani imepungua, na waamuzi, ambao kwa kawaida huwapa wageni kadi nyingi zaidi, walianza kuzigawa kwa usawa. Kumbe makelele yalikuwa yakifanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kumtisha refa! Ni ushahidi wenye nguvu, lakini sitaki kuuegemea. Upepo nao hubadili matokeo, na hakuna anayesema upepo umeshinda. Tena kama heshima ya shabiki ni kwamba anaweza kumkosesha mwamuzi haki, ni heshima ambayo mtu mwema angeirudisha kwa mwenyewe. Ninachotafuta ni kazi ambayo mtazamaji anaifanya hata pale ambapo haibadili kitu.

Kuna hadithi ya Wayunani, inayohusishwa na Pythagoras, kwamba maisha yanafanana na michezo ya Olimpia: wapo wanaokuja kushindana, wapo wanaokuja kuuza, na wapo wanaokuja kutazama tu, na hao wa mwisho ndio bora kwa kuwa hawatafuti taji wala faida. Mwanafalsafa alijisifia, bila shaka, maana alijiona yumo katika kundi la tatu. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alikwenda mbali zaidi. Katika sura ya 12 anawafananisha waumini na wakimbiaji waliozungukwa na kundi kubwa mno, na kundi hilo halikuitwa watazamaji, liliitwa mashahidi. Neno hilo ndilo ninalolishika. Shahidi hafanyi tukio lakini bila yeye tukio linakosa kitu. Ndoa inafungwa na wawili, na bado Uislamu na Ukristo vyote vinataka mashahidi. Hao mashahidi hawajaoa wala hawajaolewa, na hakuna mwenye akili atakayesema hawakufanya kitu siku ile. Walifanya jambo la wawili liwe jambo la watu. Mchezo nao ndivyo ulivyo. Wachezaji ishirini na wawili wanaokimbizana kwenye nyasi wanafanya mazoezi, na kinachoyageuza mazoezi kuwa mechi ni kwamba yapo macho yatakayosema kesho jinsi ilivyokuwa.

Atakayesema haya ni maneno ya kupamba, autazame msimu wa 2015/16 wa Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C. Siku ya mwisho Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora waliifunga JKT Oljoro 7-0. Geita na Polisi walikuwa wakiwania nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na mvua ya mabao ikawanyeshea wote wawili kwa pamoja. Shirikisho la soka nchini, TFF, lilichunguza, likaamua kwamba matokeo yalipangwa, na timu zote nne zikashushwa madaraja. Sasa tujiulize ni kitu gani hasa kiliharibika. Mpira ulivuka mstari mara nane, hilo halina ubishi. Filimbi ilipulizwa, bao likaandikwa, mpira ukarudishwa kati. Aliyekuja kuburudika aliona mabao mengi kuliko thamani ya kiingilio chake, kwa hiyo kama shabiki ni mteja tu, alipaswa kuondoka ameshiba. Hakuondoka ameshiba. Aliyeshangilia bao la sita alikuja kugundua kwamba ameshuhudishwa uongo, kama mtu aliyeitwa kusimamia ndoa ambayo bwana harusi alikuwa amekodiwa. Hasira ya mashabiki baada ya mechi ya kupangwa haifanani na hasira ya kufungwa, wala ya kuuziwa soda iliyoishiwa gesi. Ni hasira ya mtu aliyenyang'anywa kazi yake, na huwezi kumnyang'anya kazi mtu ambaye hakuwa na kazi.

Hapa pingamizi kubwa linakuja lenyewe, na ni la haki. Shahidi anatakiwa asiwe na upande, wakati shabiki upande ndio uhai wake. Utamwitaje shahidi mtu aliyevaa jezi? Mahakama gani itampokea? Nadhani pingamizi hili linatokana na picha ya ushahidi iliyotoka vitabuni, na picha iliyo sahihi zaidi ipo kwenye mdomo wa duara lolote, yaani shimo la wachimbaji, kati ya Nyarugusu na Kahama. Wachimbaji wadogo kwa kawaida hawagawani pesa, wanagawana mifuko ya mawe. Mwenye leseni ana mgao wake, mwenye duara ana wake, aliyegharamia chakula na mafuta ya jenereta ana wake, na waliopiga mwamba kule chini wana wao. Mifuko inapovutwa juu kwa kamba, hesabu hufanyika pale pale, mfuko kwa mfuko. Hakuna anayefikiria kumwita mtu wa mbali asiye na maslahi aje kuhesabu, kwa kuwa mtu huyo angesinzia kufikia mfuko wa kumi na tano. Kila upande unaleta jicho lake. Anayehesabu ana njaa ya mfuko ule, na njaa hiyo ndiyo inayomzuia kupepesa. Hesabu inakuwa ya kweli kwa sababu waliosimama pale wana pande tofauti na wote wanatazama mfuko mmoja. Jukwaa la uwanja limejengwa kwa kanuni hiyo. Asiye na timu ataona mpira umetoka. Mwenye timu ataona umetoka kwa kiasi gani, nani aliugusa mwisho, na mshika kibendera alikuwa amesimama wapi. Mapenzi yanapotosha ulimi mara nyingi, lakini jicho huwa yanalinoa.

Kwa hiyo ninachomdai shabiki ni kwamba ulimi usilikane jicho. Akae na upande wake, aupende atakavyo. Lugha ya mtaani imeshamtengenezea kipimo, nacho ni neno mbeleko. Timu iliyopendelewa na refa imebebwa kwa mbeleko, na kila shabiki wa nchi hii anajua kulitupa neno hilo kwa mtani wake. Swali ni kama anaweza kulitamka kwa nafsi ya kwanza: leo tumebebwa. Anayeweza kusema tumebebwa, huyo ninampa haki ya kusema tumeshinda, kwa sababu "sisi" yake inabeba yote yaliyotokea. Asiyeweza, "sisi" yake ni kama ya yule ndugu anayeonekana wakati wa kugawa nyama na kupotea wakati wa kuchimba kaburi. Kipimo hiki kilifanya kazi ngumu pale Kambarage tarehe 30 Oktoba 2019, Mwadui walipoifunga Simba 1-0. Mwadui ni timu ya mgodi wa almasi ambao John Williamson aliuvumbua mwaka 1940, safari ya muda mfupi kutoka Shinyanga mjini. Simba ni ya Dar es Salaam, Msimbazi. Na bado Simba au Yanga wanapofika Shinyanga, jukwaa hugeuka jekundu au la kijani na njano kwa mashabiki ambao ni wenyeji wa Ndala, Kambarage na Ngokolo. Miaka mitatu kabla ya hapo Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi ya mji huohuo, iliwafanyia Yanga vilevile, 1-0. Mtu wa Shinyanga aliyevaa jezi nyekundu siku ile ya Mwadui alifungwa na majirani zake. Wapo watakaomwita msaliti wa kwao. Mimi naona alikuwa katika nafasi bora kuliko wote uwanjani, maana upande wake ulikuwa mmoja na nyumbani kwake kwingine, na chochote ambacho angesema juu ya bao lile kingekuwa na uzito.

Pingamizi la watu wa dini ni zito kwa namna nyingine. Halihoji kama kutazama ni tendo. Linahofia kwamba ni tendo na ni baya. Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, Mwafrika mwenzake wa Tagaste, aliyekwenda Roma kusoma sheria. Alichukia michezo ya kuuana, lakini marafiki walimburuta hadi ukumbini. Akafumba macho akiamini kwamba mwili wake upo pale na roho yake haipo. Mpiganaji mmoja akaanguka, watu wakapiga ukelele, Alipio akafumbua macho, na tangu dakika hiyo akawa mlevi wa damu kuliko waliomleta. Baadaye alitubu, akawa askofu. Kisa hiki kinatisha kwa sababu kosa lote la Alipio lilikuwa la macho. Hakumgusa mtu. Na Augustino yuko sahihi: kinachotazamwa kwa uchu kinaingia ndani na kujenga nyumba. Lakini tazama kisa hiki kinathibitisha nini. Kama jicho linaweza kutenda dhambi bila mkono kuinuka, basi jicho linatenda. Hatuwezi kulipa uwezo wa kukosea na kulinyima uwezo wa kufanya jema. Katika Uislamu, Sura Al-Muuminun inawasifu waumini wanaojiepusha na upuuzi, na wapo masheikh wanaouweka mpira wote humo. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume akasimama na Bi Aisha, naye akatazama akiwa nyuma yake mpaka alipotosheka mwenyewe. Mpaka alipotosheka, si mpaka alipofukuzwa! Wanazuoni wametoa hukumu nyingi kutokana na tukio lile, na kwa hoja yangu linatosha moja: kutazama ustadi wa watu wengine, kwa utulivu, hadi kutosheka, hakukuwa upotevu wa siku takatifu. Tofauti kati ya Alipio na Bi Aisha haipo katika kutazama. Alipio alitaka mtu afe. Bi Aisha alitaka kuona mkuki unavyochezwa.

Bado yupo mchimbaji wetu wa Katoro, na mechi yake haipo Kambarage wala uwanja wa Nyankumbu pale Geita. Ipo London, au Memphis. Anashuhudia nini kupitia kioo, tena kwa king'amuzi kinachokwamakwama? Hapa nakubali kupunguza dai langu, ila si kulifuta. Ushahidi wa mbali ni hafifu. Hakuna mchezaji atakayesikia sauti yake, na kamera imeshamchagulia cha kuona. Lakini upo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA na Memphis Grizzlies, na watu ambao hawakuwahi kuona kikapu chenye nyavu nzima walisema tumeingia. Walipoendelea kumtazama waliona pia jambo lingine, kwamba urefu wa mita 2.21 hautoshi kumweka mtu uwanjani, na waliokubali kuliona hilo walijifunza mpira wa kikapu kuliko waliobaki kwenye fahari. Huko kwenye vyuo vya Marekani kuna kioja ambacho jicho la mbali linakiona upesi kuliko la karibu. Mpira wao wa vyuo, ule wa kukumbatiana na kuangushana, unachezwa na wanafunzi, na baadhi ya viwanja, kama cha Michigan, vinaingiza watu zaidi ya 100,000. Waliohitimu miaka arobaini iliyopita bado wanasema tumeshinda Jumamosi. Wakati huohuo, hadi katikati ya mwaka 2021, kanuni zilimzuia mchezaji kujipatia hata senti kutokana na jina lake mwenyewe, huku kocha akilipwa mamilioni ya dola. Mtu wa Geita hahitaji kuelezwa mara mbili jambo hilo. Anayeshika tindo kule chini analijua, na mgao wa mifuko anaujua. Mashabiki wa Michigan waliolitazama jambo hilo kila Jumamosi kwa miaka mingi bila kulisema walikuwa mashahidi walionyamaza, na kunyamaza kwa shahidi huhesabiwa.

Kuna mtu mmoja ndani ya kibanda umiza ambaye sijamtaja, naye kwa sasa huenda ndiye mwingi kuliko wote: mwenye mkeka. Ameweka shilingi elfu moja juu ya mechi kumi na mbili, na kumi kati ya hizo ni za timu ambazo hajui ziko nchi gani. Mapadri, wachungaji na maimamu wanamkemea kwa sababu ya pesa, na wana haki yao. Mimi namhofia kwa sababu ya macho. Huyu anatazama kuliko wote, lakini hatazami mchezo. Anatazama namba ambayo mchezo umeificha. Bao zuri la dakika ya tisini likimchania mkeka, kwake ni bao baya. Kwa mfano wa Pythagoras amehama kutoka kundi la tatu hadi la pili bila kujua, akawa mchuuzi asiye na bidhaa. Msikilize anavyosema. Mwenye timu husema tumefungwa. Mwenye mkeka husema wameniua. Nafsi imebadilika, na "sisi" haipo tena. Mechi ile ya mabao manane isingemchukiza kama alikuwa ameweka kwenye mabao mengi, na hapo ndipo inapoonekana kwamba mpira ulio na wenye mikeka watupu hauna wa kuulinda. Apangaye matokeo hamwogopi mwenye mkeka. Anamwogopa yule mzee wa jukwaani asiye na shilingi juu ya mechi, anayejua kwamba beki wa kushoto hajawahi kurudi nyuma taratibu namna ile.

Uamuzi wa TFF ulipotoka mwaka 2016, nafasi ya kupanda iliyogombewa kwa 8-0 na 7-0 ilikwenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Aprili 2017 Mbao hao waliifunga Yanga 1-0 uwanjani Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Dodoma kwenye fainali, na Simba wakawafunga 2-1. Geita Gold walikaa madaraja ya chini, wakapanda Ligi Kuu mwaka 2021. Msimu wao wa kwanza walimaliza nafasi ya nne, na mshambuliaji wao, George Mpole, akawa mfungaji bora wa ligi, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Alifunga 17. Katika hayo 17 hakuna lililoulizwa lilipatikanaje, na watu wa Geita waliyasema kwa nafsi ileile ya siku zote.